Nimepata kazi ya msimu kuongoza vijana kwenye mitumbwi Kunduchi, wengine wana ulemavu. Naombeni uzoefu

Mwasi_wa_Mbagala

Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionizidi umri.

Mimi ni dada wa miaka 24 naishi Mbagala, nilikuwa laifugadi (mwokoaji wa waogeleaji) kwenye hoteli moja ya ufukweni kwa mwaka na nusu, kuogelea najua vizuri na kupiga kafi najua kiasi maana babu yangu mvuvi. Sasa nimepata kazi ya msimu, wiki sita likizo ya mwezi wa sita, kuongoza vijana wa miaka 12 mpaka 17 kwenye mitumbwi kwenye mikoko ya Kunduchi, na siku ya mwisho kama bahari ikiruhusu tunavuka mpaka kisiwa cha Mbudya na boti ya injini ikitufuata nyuma. Kila kundi vijana kumi. Vyombo ni mitumbwi miwili ya faiba inayochukua watu wanane wanane na kayaki tatu.

Kilichonifanya niandike ni kwamba kila kundi litakuwa la mchanganyiko, kuna watakaokuja na kiti mwendo, kuna viziwi, kuna mmoja haoni, kuna wenye ualbino, kuna mmoja mama yake kaandika kwenye fomu ana kifafa lakini anakunywa dawa. Hii ndo sababu hasa niliipenda hii kazi, mdogo wangu wa mwisho ana usonji na hajawahi kualikwa mahali popote na watoto wenzake, popote kabisa, ana miaka 13.

Sasa jana tulikuwa na kikao na msimamizi akasema wale wenye changamoto wakae katikati ya mtumbwi washike kamba, makafi wapewe wengine ili tusichelewe. Mi sikusema kitu pale ila nimerudi nyumbani roho inaniuma na sijalala. Sijui kama niko sahihi au ni ugeni wangu tu wa kazi. Nawabebaje toka kwenye kiti mpaka majini bila kuwaumiza, naongeaje na wazazi walioingiwa hofu, na kama upepo ukigeuka tuko mbali nafanyaje na kundi la namna hii? Na je kuna mtu amewahi kufanya kazi kama hii hapa Dar au kwingine? Naombeni mnisaidie, zimebaki kama wiki tatu.

Mjukuu wa Nahodha

Karibu sana dada. Mi nimekulia Kunduchi pale pale, nakuanzia na maji maana bila maji mengine yote hayana kazi.

Kwanza kabisa usikubali ratiba ya safari iliyopangwa na mtu wa ofisini kwa kuangalia kalenda ya ukutani, ratiba ipangwe kwa mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku kwetu maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne saa tano asubuhi yamekupwa yameenda mbali kabisa, unaona mchanga na matope na majani ya baharini mpaka unashangaa bahari imekwenda wapi. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo inapita mita tatu. Sasa we fikiria una kijana wa kiti mwendo, umefika saa tatu unamwambia twende, na mtumbwi uko mita mia mbili mbele kwenye tope linalomeza miguu. Utambeba? Na kurudi je? Hapo ndo watu wanasema "haiwezekani kumchukua huyu" kumbe kilichoshindikana ni saa waliyochagua.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, maji yanajaa kwenye saa nne hivi za asubuhi na wala hayaendi mbali sana yakikupwa. Hizo ndo siku zako. Unaingiza mtumbwi mpaka karibu na mchanga mkavu, kijana anapanda bila kukanyaga tope. Na kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake, kwahiyo ukijua ya leo unajua ya keshokutwa. Wiki sita zina maji mafu mara tatu, wakati mwingine mara mbili, panga makundi yenye viti mwendo humo, bamvua waachie wanaoweza kutembea topeni.

La pili upepo. Mwezi wa sita ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Asubuhi mapema kunakuwa na umande, upepo unaotoka nchi kavu, bahari imelala kama mafuta na kila mtu anaona pametulia. Huo ndo unaniogopesha mimi kuliko mawimbi, kwa sababu unakusukuma nje taratibu hujui, madogo wanapiga kafi wanacheka, ukigeuka ufukwe uko mbali na sasa unarudi ukipambana nao na mikono imechoka. Halafu kadiri jua linavyopanda kusi linaingia, ikifika mchana kule nje kunachafuka. Kwahiyo ndani ya mikoko saa zote ni afadhali, kuvuka Mbudya iwe asubuhi tu na kurudi kabla ya saa sita, na ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi nje ya mwamba hakuna safari, hata kama mzazi amelipa, hata kama ni siku ya mwisho. Na Mbudya ni hifadhi ya bahari pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini tangu 1975, kuna kiingilio, hakikisheni kimelipwa mapema msije mkasimamisha watoto juani mkibishana na askari wa hifadhi.

Tatu, kama mnaweza kupata ngalawa, chukueni hata moja. Ile miti ya pembeni inazuia kupinduka, mtu asiye na balansi ya mgongo anakaa bila woga. Babu yako anajua ninachosema.

MamaPendo

Mwanangu Mwasi nimesoma ulichoandika nikalia, nakwambia ukweli. Mimi nina kijana wa miaka 15 ana mtindio wa ubongo, anatumia kiti mwendo, maneno yake ukimzoea unayaelewa vizuri tu.

Mwaka juzi alipelekwa matembezi ya baharini na watu ambao siwataji. Wakamkalisha katikati hivyo hivyo kama alivyosema huyo msimamizi wako, vijana wawili wamemshika huku na huku, wenzie wanapiga makafi wanaimba, yeye ameshika kamba. Wakampiga picha nyingi mno. Aliporudi nikamuuliza ilikuwaje baba, akasema "nilibebwa." Basi. Hakuongeza neno, na hakutaka tena kusikia habari za bahari.

Mwaka jana jirani yetu mvuvi akamchukua kwenye ngalawa yake tu hapo karibu karibu. Yule baba hakuwa na semina yoyote. Alimuuliza mkono gani una nguvu, akasema wa kulia, akampa kafi akamwambia we piga upande huu mimi napiga ule, ukichoka sema. Kwa sababu vidole haviwezi kubana tukazungushia mpini wa kafi tyubu ya baiskeli ukawa mnene, akashika. Alipiga kafi kama dakika kumi hivi na aliporudi mikono inatetemeka, usiku mzima anatusimulia sisi habari za mkondo wa maji. Kwahiyo usijiulize kama uko sahihi. Uko sahihi.

Sasa nakwambia kitu ambacho hakuna atakayekwambia kwenye semina, choo. Vijana hawa wengi wakijua wanakwenda mahali hawajui choo kikoje wanaacha kunywa maji tangu jana yake usiku. Mwanangu anafanya hivyo. Sasa umchukue juani masaa matatu hajanywa kitu, ataanguka na mtasema ni ulemavu. Kabla ya safari jua kuna choo gani pale mnapoanzia, mlango una upana gani, nani wa jinsia yake atamsaidia, na Mbudya mtafanyaje. Wengine kwa umri huo bado wanavaa pampasi, beba za akiba kwenye begi lisiloonyesha, na muulize pembeni yeye mwenyewe kwa sauti ya chini, usimuulize mama yake mbele ya wenzie. Ana miaka 15, ana aibu kama kijana yeyote.

Na kumbeba, muulize yeye. Kila mmoja ana namna yake. Wangu ukimshika kwapani anaumia bega, anataka mmoja ampitishie mikono nyuma amkumbatie kifuani na mwingine chini ya magoti, mhesabu moja mbili tatu pamoja. Atakwambia mwenyewe ukimpa muda wa kumaliza sentensi, usimalizie wewe.

Temeke_Mikono

mimi ni kiziwi. nimesoma hapa nimefurahi dada ameuliza.

Kwanza kaa mbele uso ukituangalia. Viongozi wengi wanakaa nyuma ya mtumbwi wanaongoza kwa kupiga kelele, sisi mgongo tumekupa, hatujui chochote, ghafla mtumbwi unageuka. Kiongozi mmoja awe nyuma anaongoza chombo, mwingine awe mbele amegeuka anatoa ishara. Mkubaliane ishara nchi kavu kabla, kafi juu wima maana yake simama, kafi limelala juu ya kichwa maana yake kuna shida njooni, na kila anayeona arudie ili aliye nyuma aone. Wafundishwe wote, wanaosikia pia, kwa sababu baharini upepo ukivuma hata nyinyi mnaosikia hamsikilizani, siku hiyo mtaona ishara zetu zina faida.

Filimbi kwetu haina kazi. Mwenye kifaa cha kusikia akivue kabla na kuwe na kopo la kufunga vizuri la kuhifadhia, vile vifaa ni ghali na maji ya chumvi yanaviua, ila kumbuka akishavua hasikii hata kile kidogo alichokuwa anasikia kwahiyo maelezo yote yawe yameshatolewa.

Tafuta mkalimani wa lugha ya alama kupitia CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, usitegemee kijana kiziwi asome midomo yako juani. Na kama hamna bajeti basi jifunze hata alama 30 za Lugha ya Alama ya Tanzania, wiki tatu zinatosha, sisi tutakusaidia zilizobaki.

Mwambie msimamizi wako pia kwamba Tanzania ilisaini mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2007, ikauridhia mwaka 2009 na tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu 2010. Ibara ya 30 ya ule mkataba inazungumzia michezo na burudani, watoto wenye ulemavu washiriki sawa na wenzao. Kushiriki. Kushika kamba katikati siyo kushiriki.

Kaka_Ununio

Mi ntatofautiana na wenzangu kidogo, msinielewe vibaya. Haki naiunga mkono lakini bahari haijui haki. Mtoto wa kifafa baharini kweli? Likitokea la kutokea huyu dada ndo atakayesimama mbele ya polisi, siyo ule mkataba. Ningekuwa mimi wenye kifafa wangebaki ufukweni wakafanya shughuli nyingine, na wa viti mwendo wangefungwa vizuri kwenye siti kwa mikanda wasidondoke.

Mwasi_wa_Mbagala

Asanteni sana jamani sikutegemea. MamaPendo umeniliza na mimi.

Kaka Ununio hofu yako ndo hofu yangu pia siwezi kukudanganya. Hilo la mikanda hata ofisini limesemwa, kwamba tununue mikanda. Kuna anayejua kitaalamu?

Msimu_Mmoja

Dada USIMFUNGE MTU KWENYE CHOMBO. Hata mmoja, hata kwa nia njema. Chombo kikipinduka yeye anabaki chini kichwa kikiwa majini na jaketi linamsukuma juu kwenye sakafu ya mtumbwi. Unachofunga kwenye mtumbwi ni kiti, yeye hapana. Unamtengenezea egemeo la mgongo, sponji pembeni za kumzuia asilale upande, miguu unaikingia kwa mto, lakini mtumbwi ukienda juu chini yeye atoke mwenyewe bila kufungua kitu chochote. Na tyubu ya MamaPendo ni sawa kwa sababu inanenepesha mpini tu, msije mkafunga mkono wa mtoto kwenye kafi.

Mi nilifanya msimu mmoja Marekani, Minnesota, nilienda kwa viza ya J-1 ile ya kambi za watoto ambayo mwisho wake ni miezi minne. Kule hii kazi ni ya siku nyingi, kwa mfano pale Minneapolis kuna shirika linaitwa Wilderness Inquiry, lipo tangu 1978, kazi yao ni kuchanganya wenye ulemavu na wasio nao kwenye safari za maporini, na wana mitumbwi mikubwa ya futi 24 inayobeba kama watu kumi ambayo wanaizungusha mpaka mijini, watoto wa shule wanapanda kwenye mito ya mjini kwao. Sikufanya kazi kwao, lakini namna ya kufanya niliyofundishwa ilikuwa ni ileile ya kuchanganya watu, ndo nakupa hapa.

Mtumbwi mkubwa ni rafiki yako. Kumi wakipiga pamoja, mmoja akichoka au akisimama dakika tano chombo bado kinakwenda na hakuna anayemnyooshea kidole. Kayaki inamuacha mtu peke yake na alichonacho. Kwahiyo zile kayaki tatu zako wape viongozi, vijana wote wakae kwenye mitumbwi mikubwa. Mkalishe asiyeona mbele kabisa, ndiyo, mbele, yeye ndo anaweka mapigo na wote nyuma wanamfuata, haitaji kuona ili apige kafi kwa mwendo mmoja. Kabla ya hapo mpe nafasi aushike mtumbwi wote kwa mikono kuanzia omo (mbele) mpaka tezi (nyuma) ukiwa mchangani, ahesabu mbao za kukalia, ajue yake ni ya ngapi. Mliyonayo inachukua wanane tu, mnaweza kuiunganisha miwili kwa miti miwili imara, ikawa chombo kimoja kipana, haipinduki kirahisi hata mtu akiegemea vibaya. Ila mfanye kwenye maji yaliyotulia ndani ya mikoko, nje kwenye mawimbi vile viungio vinapata shida.

Kule Boundary Waters, hifadhi ya misitu na maziwa hukohuko Minnesota, kuna sheria kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Mwanzoni niliona ni ukali tu wa kulinda msitu, baadae nikaelewa na faida nyingine, watu tisa unawaona wote kwa jicho moja. Nyie vijana kumi na viongozi wangapi? Kama mko wawili gomea. Nisikilize, gomea. Kwa kundi lenye mchanganyiko huo ningetaka watu wazima wanne majini na mmoja ufukweni mwenye simu, anayejua mmetoka saa ngapi na mnatakiwa kurudi saa ngapi.

Na kule kuna kipande cha safari ambapo ziwa linaisha unabeba mtumbwi mabegani mpaka ziwa jingine, wanapima kwa kipimo chao cha zamani, kimoja ni futi 16 na nusu, unaambiwa huu ni mia moja, yaani nusu kilomita. Nilikuwa na kijana wa kiti mwendo kwenye kundi, nikajiuliza huyu hapa atafanya nini. Kiongozi mwenzangu akampa ramani. Akawa yeye ndo anasema tumefika wapi, kimebaki kipande gani, nani amesahau kafi nyuma. Wenzie walikuwa wanamuuliza yeye, hawatuulizi sisi. Kwako Kunduchi kazi hiyo ipo, mmoja awe mtunza saa na maji, mwenye kusema maji yameanza kukupwa tugeuze.

Kaka Ununio, wasiwasi wako ni wa haki. Ila ulichokipendekeza cha mikanda ndicho kingeua mtu.

muuguzi_wa_zamu

Naomba niongee la kifafa maana ni kazi yangu.

Kifafa peke yake hakimzuii mtoto moja kwa moja. Muulize mzazi na mtoto, mara ya mwisho ilikuwa lini, inaanzaje, inachukua muda gani, dawa anakunywa saa ngapi na nini kinaichochea, wengine ni kukosa usingizi, wengine njaa au kuruka dawa. Kama degedege limetokea wiki hizi za karibuni au dawa zimebadilishwa juzi, abaki ufukweni mpaka daktari wake aseme. Kama ametulia muda mrefu na daktari ameridhia, anaingia, jaketi limefungwa vizuri, na mtu mzima mmoja anayejua kuogelea kazi yake ni kukaa mkono wa kumfikia yeye tu. Ikitokea yuko ndani ya maji, unamshika kichwa kwa nyuma uso ukiangalia juu nje ya maji, unaliacha lipite, usimzuie mikono, usimuwekee kitu mdomoni, likitulia unamtoa unamlaza ubavu. Akimeza maji au kuyavuta puani anakwenda hospitali hata kama amesimama anacheka. Likipita dakika tano, hiyo ni dharura, injini iwashwe.

Majaketi. Kila kijana ajaribiwe jaketi lake kwenye maji ya kiunoni kabla ya siku ya safari, mtu akiwa amemshika. Mwili wenye upande mmoja dhaifu unaweza kugeuka, mwenye miguu isiyo na nguvu miguu yake inaelea juu na uso unakwenda chini, huwezi kujua kwa macho nchi kavu. Ukiona anageukia uso chini badilisha aina ya jaketi.

Wenye mgongo wazi na wengine wasio na hisia miguuni hawasikii kuungua wala kuchubuka. Faiba ikikaa juani inakuwa kama kikaango, mwage maji kwanza, weka godoro dogo, viatu visivuliwe, na ukimaliza muangalie au mwambie ajiangalie. Hawa hawa wa mgongo wazi wengi wana mzio wa mpira, kwahiyo ile tyubu kwao hapana, tumia kitambaa cha pamba kunenepesha mpini, na glavu zako za huduma ya kwanza zisiwe za mpira ule wa kawaida.

Wenye ualbino nakuomba sana. Maji yanarudisha jua usoni toka chini, kofia peke yake haitoshi. Mikono mirefu, kofia pana, miwani, losheni ipakwe kabla na irudiwe baada ya kulowa. Kuna ile ya Kilisun iliyoanza kutengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili yao, wazazi wengi wanaijua. Safari zao ziishe kabla ya saa nne asubuhi, au zianze baada ya saa kumi jioni. Na wengi wao hawaoni mbali vizuri, ile ishara ya kafi juu aliyosema Temeke wanaweza wasiione, wapange na mwenza wa pembeni wa kumgusa bega.

Kama huna kozi ya huduma ya kwanza ya karibuni nenda Msalaba Mwekundu kabla hujaanza, na waambie waajiri wako walipie.

Fundi_Boti_Kigamboni

Fupi tu. Uliza mkataba wa maandishi, uliza kama kampuni imesajiliwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ili ukiumia kazini ulipwe, uliza vyombo vimekaguliwa na TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, uliza boti ya kufuata ina mafuta ya kwenda na kurudi mara mbili na nani anaiendesha. Hao ni watoto chini ya miaka 18, kwahiyo muwe watu wazima wawili muda wote, wakati wa kubadilisha nguo pia, na picha zisipigwe bila ruhusa ya mtoto na mzazi. Wakikasirika kwa maswali hayo umeshapata jibu.

MamaPendo

Mwanangu na la wazazi hujajibiwa. Usitupigie simu kutuambia "msiwe na wasiwasi", hatuachi kuwa na wasiwasi. Tuiteni siku moja kabla, tuone chombo, tuone ukimuingiza na kumtoa mtoto mmoja, tuone jaketi likielea. Nikishaona mikono yako inavyomshika nitakaa chini ya mwembe nisubiri. Na mdogo wako wa usonji mchukue aje, mpe jaketi alale nalo nyumbani siku mbili tatu alizoee harufu na kubanwa kwake, asije kuliona mara ya kwanza pale penye kelele.

Mwasi_wa_Mbagala

Nimerudi wakuu, siku nne zimepita.

Nilikwenda kwa msimamizi na karatasi nimeandika yote haya, nilianza na maji nikamwonyesha kwamba makundi mawili aliyoyapanga saa tatu asubuhi yanaangukia bamvua na tutakuta tope. Hilo lilimshtua kuliko yote, akakubali kuhamisha tarehe. La kafi alibisha sana, akasema watoto watachelewa. Nikamwambia wacha wachelewe, tunakwenda kuona mikoko, mikoko haiondoki. Mwisho akasema haya tujaribu kundi la kwanza. Viongozi tumekuwa wanne, nilitaka watano, wa tano bado tunagombana. Mikanda imefutwa. Kozi ya huduma ya kwanza tunaanza jumatatu, wanalipia nusu.

Babu naye amekubali kuja na ngalawa ya rafiki yake siku mbili za wiki, nimemwambia malipo ni madogo akasema nani kakuuliza malipo.

Temeke nimeshajua alama kumi na nane. Nakosea ya "subiri", kila nikiifanya kijana jirani yetu kiziwi anacheka anairekebisha.

Jumamosi maji yanajaa saa nne kasoro, tumewaita wazazi wa kundi la kwanza na vijana wenyewe kwa ajili ya kujaribu majaketi kwenye maji ya kiunoni, wale wenye ualbino tutaanza nao saa moja maji yakiwa bado yanapanda. Yule kijana asiyeona alinipigia simu mwenyewe leo, kauliza mtumbwi una mbao ngapi za kukalia. Nikamwambia nne. Akasema basi mbao ya kwanza ni yangu, usimpe mtu.